Kutoa papiepe ya zamani ku ukuta, na kwa nini usipake rangi juu yake

Ukiita fundi wa rangi hapa Bukavu aje aangalie saloni yenye papiepe ya zamani, yaani karatasi ya kupamba ukuta, mbele hata ya kushika ukuta atakuambia: "Papa, hii tunapaka tu juu yake, haitaonekana." Itaonekana. Rangi ya lateksi ina maji mengi ndani, na kole ya papiepe, yaani gundi yake, ni kitu kinachoyeyuka na maji, kwa hiyo ukipaka, kole inaamka, karatasi inavimba, na kesho yake unakuta ukuta umetoka malengelenge, tena pale karatasi mbili zinapokutana mstari unabaki wazi hata ukirudilia rangi mara ngapi. Na siku utachoka utake kuitoa kabisa, rangi imeshaziba juu, maji hayaingii tena, utakwangua mpaka mikono iote sugu.

Fundi hasemi vile kwa ubaya. Analipwa kwa chumba, na kubandua karatasi ni kazi ya kulowana na uchafu, inakula muda na mwisho wake mwenye nyumba haoni hata kitu. Njo maana mi nashauri bei ya kutoa papiepe mpatane pembeni, isichanganywe na bei ya rangi, bila vile kazi italipuliwa tu. Ao uifanye mwenyewe na watoto wakubwa wa nyumba wakati wa vakansi, juu haiombi diplome, inaomba maji, kisu kipana na moyo wa kungoja.

Na kama wewe ni lokateri, mbele ya kugusa kitu ongea na bayeri, muandikiane ku karatasi nani analipa nini na kama itakatwa ku loyer. Ukishabandua ukuta mmoja hakuna kurudi nyuma.

Ujue kwanza unashika karatasi gani

Huku kwetu zipo za kila namna. Mu zile villa za Muhumba, Nguba na La Botte, za wakati mji ulikuwa unaitwa bado Costermansville, unaweza kukuta karatasi yenyewe kabisa, na mara nyingi si moja, kila mwenye nyumba alikuja akabandika yake juu ya ile ya mwenzake, ukitoboa unakuta maua, chini ya maua mistari, chini ya mistari rangi ya mafuta ya kijani. Mu nyumba zingine ni vinili, yaani karatasi iliyovishwa plastiki juu. Kuna zile za kujibandika za siku hizi, zenye mfano wa matofali ao mawe, watu wanazinunua wanazibandika wenyewe siku moja chumba kinabadilika. Na mu nyumba za mbao kuna magazeti na makarton yaliyobandikwa na kole ya unga wa muhogo ili baridi isipite mu nafasi za mbao, ile nayo ni papiepe, na inatoka kwa njia ileile.

Jaribu hivi. Chagua kona iliyojificha, chini karibu na sakafu ao nyuma ya kabati, inua kidogo na ncha ya kisu halafu vuta polepole kwenda juu, karatasi ikitambaa karibu na ukuta, usiivute kuja kwako. Ikikuja yote kavu bila kupasuka, shukuru Mungu, maliza chumba vile vile. Ikikuja ngozi ya plastiki peke yake na kuacha karatasi nyembamba nyuma, hiyo ni vinili, toa ngozi yote kwanza ikiwa kavu, kiisha ile ya nyuma utailowesha. Ikipasuka vipande vidogo vidogo, ni karatasi ya kawaida na hapo maji njo yatafanya kazi. Unaweza pia kurusha matone ya maji: yakiingia na karatasi ikageuka nyeusi kidogo, itashika maji vizuri, lakini yakiteremka chini bila kuingia, kuna plastiki ao rangi juu na lazima utaichanachana kwanza.

Ujue pia ukuta wenyewe

Hii watu wanaisahau sana. Gonga na vidole. Ukuta wa matofali wenye krepi (lipu) ya simenti unajibu kwa sauti ngumu, hapo unaweza kumwaga maji bila wasiwasi mwingi. Krepi ya chokaa ao ya udongo inajibu kwa sauti ya uvungu pale imeachana na tofali, na ukiilowesha sana itakuja yote na karatasi yake, kwa hiyo hapo unatumia sponji iliyokamuliwa, sehemu ndogo ndogo, unangoja, unarudia. Triplex haipendi maji kabisa, inavimba na kufunuka tabaka tabaka, hapo pia kitambaa chenye unyevu tu. Nikikuta triplex yenye karatasi iliyoshika sana mi siangaiki nayo, naona bora kupigilia triplex mpya juu kuliko kupigana wiki nzima na ya zamani.

Halafu kuran, yaani umeme. Maji na prizi hazipatani, na hapa kuna mtego wetu sisi: watu wanaanza kazi wakati SNEL, kampuni ya umeme, imekata, wanajiambia hakuna kuran basi hakuna hatari, katikati ya kazi kuran inarudi na wewe uko unamwaga maji karibu na prizi. Shusha disjonteri kabisa hata kama kuna giza mtaa mzima, mwambie kila mtu wa nyumba asiipandishe, kiisha ziba prizi na interiptere na plastiki na skochi. Kama waya za nyumba ni za zamani na hujui disjonteri ipi inalinda chumba kipi, shusha ile kubwa.

Maji ujaze mbele, mabido mawili matatu ya lita 20 kwa chumba cha kawaida, juu ukingojea robinet ya REGIDESO, kampuni ya maji, ikulindie ratiba utabaki na ukuta nusu umelowa nusu umekauka, na kole ikikauka mara ya pili inashika tena.

Kazi yenyewe

Toa viti, pazia, misumari, picha. Kile kisichotoka kisukume katikati, kifunike na bashi. Chini tandika bashi ingine na juu yake nguo kuukuu ao magunia pale ukuta unapokutana na sakafu, juu maji yatateremka yakiwa na kole na hiyo kole ikikanyagwa inateleza vibaya, mtu ataanguka na ngazi.

Vitu unavyohitaji: ndoo mbili, moja ya maji ya kulowesha na ingine ya kuoshea, sponji kubwa ao brosi ya kupakia chokaa, kisu cha kukwangulia chenye upana wa vidole vitano hivi, glavu, kuteri, na mtu wa kukusaidia. Pulverizateri ya kupulizia mimea ni nzuri sana kama iko safi, isiwe iliyotiwa dawa ya wadudu. Kisu kisiwe na makali sana ku kona, fundi mzuri anazisugua kona za kisu ku jiwe mpaka ziwe mviringo kidogo, hivyo hazichimbi ukuta. Ukiona kisu cha fundi wako kona zake zimekaa hivyo, jua umepata mtu anayejua kazi.

Kama karatasi ina plastiki ao rangi juu, ichanechane kwanza. Kuteri inakata kwa urefu, lakini mkono usiwe mzito, unataka kukata karatasi tu, sio krepi. Blade ya sii (msumeno) ya kukatia chuma ukiivutavuta juu ya ukuta nayo inafanya, inaacha mikwaruzo mingi midogo ambayo maji yanapita.

Maji yawe ya moto kiasi mkono unavumilia, weka sabuni ya vyombo kidogo tu ili yasiteleze ku karatasi yaingie ndani. Wengine wanaongeza siki, kikombe kimoja kwa ndoo, inasaidia kwa kole ngumu lakini ukiweka siki kumbuka nitakachosema hapo chini juu ya javel (dawa ya kung'arishia nguo). Anza juu kuteremka chini, lowesha sehemu ya upana wa mikono miwili, toka plafo mpaka sakafu, halafu acha. Hapa njo watu wote wanaharibia. Wanalowesha, wanakwangua hapohapo, karatasi haijashiba maji, wanasukuma kisu kwa nguvu, wanatoboa krepi, na kesho wananunua mastiki ya kuziba mashimo waliyochimba wenyewe. Lowesha, ngoja dakika 10 ao 15, lowesha tena sehemu ileile, na wakati unangoja enda kulowesha sehemu ya pembeni. Utajua imeiva pale ukisukuma na kidole karatasi inajikunja yenyewe, rangi yake imegeuka nzito, na kwa chini kole imekuwa laini inateleza. Hapo ingiza kisu kikiwa kimelala, karibu kishikane na ukuta, sukuma kwenda juu taratibu na karatasi itakuja mikanda mirefu. Kisu kikianza kukwama, usiongeze nguvu, ongeza maji.

Kuna pahali patakataa, mara nyingi juu ya milango na mu pembe, pale fundi wa kwanza aliweka kole bila huruma. Hapo lowesha kitambaa na maji ya moto, kibandike ku ukuta, kiache robo saa. Kama kuran ipo na kuna mtu wa kusimama ku disjonteri, pasi ya umeme juu ya kitambaa kilicholowa inatoa mvuke unaoingia mpaka chini, lakini kwa sehemu iliyo mbali na prizi na kwa mtu mwenye akili tulivu. Pasi ya makaa pia inaweza, mradi madirisha yote yawe wazi. Mbabula ya kuchemshia maji ibaki inje, najua huku kwetu asubuhi kuna baridi na mtu anashawishika kuiingiza, lakini moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

Zile za kujibandika maji hayazifanyi kitu juu gundi yake si ya unga. Zinataka moto kidogo: seshwari ya nywele, pasha kona, vuta polepole, pasha mbele kidogo, vuta tena. Mabaki ya gundi yanatoka na mafuta ya kupikia yakikaa kidogo, kiisha unaosha na sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa, bila vile rangi haitashika. Na ujiandae moyo: kama zilibandikwa juu ya rangi mbovu, zitakuja na ile rangi.

Kole iliyobaki njo adui

Karatasi ikishatoka watu wanaona wamemaliza, wanaita rangi. Bado. Ku ukuta kuna ngozi nyembamba ya kole ambayo huioni, na rangi ikikaukia juu yake inapasukapasuka, inaanza kubanduka vipandevipande baada ya muda, halafu lawama zinaenda kwa rangi eti ni ya bei ndogo. Tena kole ya unga ni chakula, mende wanaipenda na ukungu unaipenda.

Osha ukuta mzima na maji ya moto safi na sponji, badilisha maji kila yakigeuka kama uji, rudia mpaka maji yabaki safi. Kisha pitisha mkono ku ukuta ungali umelowa: ukiteleza, kole bado ipo, mkono ukikwaruza kidogo ni safi. Njia ingine ambayo mi naipenda sana, nunua ku famasi iodini ile ya kahawia ya vidonda, itie maji kidogo, dondosha tone ku ukuta pahali tofauti tofauti. Tone likibaki kahawia ni vizuri. Likigeuka bluu nzito ao nyeusi, kuna kole ya unga, rudi ku ndoo. Haioneshi kole za selilozi, zile zisizo za unga, kwa hizo mkono njo unakuambia, lakini kwa kole ya muhogo na ya ngano haidanganyi, na watoto wanapenda kuona ukuta unageuka rangi.

Kile papiepe ilikuwa inaficha

Watu wengi walibandika karatasi ili kufunika kitu. Bukavu tunajenga ku milima, mara mingi ukuta wa nyuma umekaa umegusana na udongo uliochimbwa, maji ya mvua yanapita ndani yake kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 5, na karatasi ilikuwa inaficha madoadoa meusi. Ukikuta ukungu, usipake kitu mbele ya kujua maji yanatoka wapi. Kata kipande cha plastiki, kibandike na skochi pande zote nne ku ukuta, kiache siku moja ao mbili. Ukikuta matone upande wa plastiki unaoangalia ukuta, maji yanatoka mu ukuta wenyewe, kwa hiyo dawa iko inje: rigole nyuma ya nyumba, gutiere, kuondoa udongo uliolala juu ya msingi. Ukikuta matone upande wa chumba, ni pumzi yenu, mapishi na nguo zinazokaukia ndani, fungueni madirisha.

Ukungu wenyewe unaoshwa na javel, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, madirisha wazi, glavu, acha kidogo, suuza. Na hapa sasa nirudie ile ya siki: javel na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kama ulitumia siki kubandua, suuza ukuta vizuri na maji tupu, acha ukauke, kiisha njo ulete javel, na ndoo iwe ingine.

Nyufa pia utazikuta. Nyumba nyingi za hapa zilipasuka ku tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na watu wakabandika ao kupaka juu maisha yakaendelea. Ufa mwembamba wa krepi si kitu, ufungue kidogo na kona ya kisu uwe kama V, toa vumbi, lowesha, jaza. Ule unaopanda ngazi ngazi kufuata matofali, ao unaoingiza kidole, usiufunike kwanza. Weka kibonge kidogo cha plasta kinachovuka ufa kutoka upande mmoja mpaka mwingine, andika tarehe na kalamu, uache miezi michache. Kikipasuka, ufa bado unatembea, na hapo unahitaji mason na si fundi wa rangi.

Neno moja kwa zile nyumba za mbele ya uhuru: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi (plomb) ndani, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Ukikuta rangi kama hiyo chini ya karatasi usiisugue kavu na msasa. Lowesha, sugua ikiwa imelowa, kusanya mabaki na kitambaa, watoto na mama mjamzito wasiwe mu chumba.

Mpaka rangi

Hapa nitasema kwa ufupi. Acha ukuta ukauke, siku tatu kipindi cha kiangazi, wiki ao zaidi wakati wa mvua, kama una uchaguzi panga kazi hii kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Ziba mashimo na mastiki, sugua, toa vumbi na kitambaa chenye unyevu. Pahali uliweka krepi mpya ya simenti ngoja karibu mwezi mmoja. Mkono wa kwanza wa rangi uwe umelainishwa na maji kidogo ili uingie mu ukuta, na kama unaogopa kole ilibaki pahali, pitisha kwanza mkono mmoja wa rangi ya msingi ya mafuta, hiyo haiamshi kole. Chokaa ni nzuri na haina bei kubwa kwa krepi tupu, lakini haishiki juu ya rangi ya mafuta.

Na kuna siku ile ambapo fundi ana haki. Kama krepi ya nyuma ni ya udongo umechoka na karatasi njo inaishikilia, kama imeshika vizuri kila pahali bila malengelenge, na pesa ya kupiga krepi mpya haiko mwaka huu, basi iache. Kata sehemu zilizoinuka, zibandike ao uzitoe, ziba mistari ya maungio na mastiki, sugua, paka kwanza ile rangi ya msingi ya mafuta, kiisha rangi yako. Mkono wa kwanza usiwe wa lateksi hata kidogo.

Takataka sasa. Utatoka na magunia ya karatasi iliyolowa, na kuna mtu atapendekeza kanivo. Yale maplastiki tunayotupa mu kanivo mvua inayapeleka ziwani, na kutoka ziwani yanaenda kuziba mashine za barrage ya umeme ya Ruzizi, halafu tunalia kuran imekata. Vinili na zile za kujibandika usizichome pia, moshi wake ni mbaya na haufai kukaribia chakula, ziweke mu gunia uwape wale wanaopita kuchukua takataka. Karatasi ya kawaida isiyo na rangi ianike, ikikauka inawasha mbabula vizuri.